Nyuma ya Vioo Viwili

Tangu mume wangu atangulie mbele za haki, kitu kilichonishinda kukizoea ni ukimya wake. Nguo zake niligawa, kitanda nikakihamishia upande mwingine. Lakini kila nikimaliza sala nilikuwa namsemesha kidogo, kisha natega sikio. Hakuna kitu. Nainuka, naendelea na kazi.

Kelele za nyumbani zilibaki za mwanangu wa mwisho, mpiga dramu. Chumba cha vifaa vya baba yake alitaka kukifanya studio ya kurekodia. Tatizo lilikuwa ukuta, maana ng'ambo yake ndiko anakolala jirani yetu, muuguzi wa zamu za usiku ambaye mtaa mzima tunamwita Sista. Usingizi wake ni wa mchana.

Mwanzo mwanangu alibandika masponji kila mahali, ukiingia unajiona uko ndani ya godoro. Akapiga. Hapo hapo ukuta ukagongwa kwa mpini wa ufagio, na Sista akatokeza uani macho mekundu.

"Mama, mwanao ananipasua kichwa! Nikimchoma mgonjwa sindano pasipo pake, mtasema ni mimi?"

Mwanangu akakaa kizingitini, kanywea.

"Sponji inameza mwangwi wa ndani tu, mama. Haizuii kitu kutoka. Najenga mara moja tena. Nikishindwa, nahamia mbali, kwenye studio za kupanga."

Nikamwambia sawa. Moyoni nikasema, Ee Mungu, na huyu naye?

Akaanza upya na fundi seremala. Walisimamisha kuta nyingine ndani ya zile za zamani, bodi nzito juu ya bodi nzito, katikati wakashindilia sufi. Sakafu mpya ikakalia vipande vya mpira wa tairi. Mimi nilikuwa nawashikia taa.

"Si mngepigilia tu kwenye ukuta uliopo?" nikauliza.

"Msumari mmoja ukigusa kuta zote mbili, mama, sauti inapita juu yake kama sisimizi kwenye kamba."

"Hiki si chumba tena," seremala akacheka, "ni kaburi lenye umeme."

"Fundi, chunga mdomo wako," nikamwambia.

Siku ya kujaribu, Sista alikubali kwenda kujilaza. "Nikisikia hata kikohozi, nagonga," akasema. Mwanangu akaingia, akafunga mlango wa kwanza, akafunga wa pili. Milango yote miwili ilikuwa na kidirisha cha kioo, kimoja mbele ya kingine. Nikaweka uso wangu pale.

Nilimwona akiinua vijiti. Akavishusha. Mabega yakaruka, visahani vya shaba vikayumba, jasho likamtiririka shingoni. Nami nikasikia kuku akichakura nyuma ya jiko. Nikasikia bomba likidondosha maji kwenye ndoo. Nikaweka kiganja mlangoni, mlango umetulia kama mtoto aliyelala. Na mwanangu yuko pale pale, amefumba macho, anapiga kwa nguvu zake zote, uso unang'aa, uso wa baba yake mtupu. Kama si kile kioo, ningeapa kwamba chumba hakina mtu.

Mwili ukanisisimka mpaka kwenye nywele. Miaka yote ile nimetega sikio na kusema hakuna kitu. Nani aliniambia hakuna? Huenda ni mlango tu uliotengenezwa vizuri, na Aliyeutengeneza anajua kazi yake. Machozi yakanitoka, wala hayakuwa ya huzuni.

Nikasikia kandambili za Sista zikiburuzika uani.

"Mama!"

"Nini, Sista? Umesikia?"

"Nisikie nini? Mwambie aanze basi, mimi nina usingizi!"

Nikamvuta mkono hadi kwenye kioo. Akachungulia, mdomo ukabaki wazi.

"Weee! Huyo anapiga kweli au anatuigizia?"

Akabandika sikio mlangoni, akaliondoa, akalibandika tena. Kisha akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada na viatu.

"Mwache abaki," akasema kwa sauti ya chini. "Naenda kulala."

Milango ikafunguka, joto na harufu ya mbao mpya vikanipiga usoni.

"Amegonga?" mwanangu akauliza, anahema.

"Amekwenda kulala."

Akacheka peke yake, akajifuta jasho kwa fulana. "Basi sihami, mama."

"Nimesikia. Rudi ndani, ufunge yote miwili, upige tena. Nataka kutazama."