Injini Iliyonyamaza Mlimani

Kitanda kidogo kililia gizani, ka!, mara moja tu, kama mtu aliyejigeuza usingizini. Fundi alifumbua macho, akatega sikio. Kisha akakumbuka kwamba mle chumbani hamna mtu mwingine. Zilikuwa mbao mpya tu zinajikunyata kwa baridi ya alfajiri. Kitanda chenyewe hakijalaliwa tangu kiingie pale. Shuka lake la vipepeo lilikuwa limenyooka vilevile alivyolitandika, na mto bado ulinuka duka.

Akaamka. Ilikuwa siku ya kumfuata mwenye kitanda.

Alikuwa mwanamke kijana, fundi wa pikipiki, na kule gereji walimwita Fundi Dada, wengine kwa heshima, wengine kwa utani, naye aliitikia yote. Binti yake alikuwa kwa bibi yake mzaa baba, kijijini, ng'ambo ya mlima. Alimpeleka huko mtoto akiwa ndio kwanza anaanza kutembea, wakati baba mtu alipokwenda kutafuta maisha na akapotelea hukohuko. Fundi alikuwa akishinda gereji, jioni yuko darasani, usiku anajibanza kwenye kona ya chumba cha watu. Mtoto angemweka wapi, mfukoni? Akasema ni kwa muda mfupi. Muda mfupi nao ukavuta kiti, ukakaa.

Sasa alikuwa na chumba chake, chenye dirisha na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Kikwazo kilikuwa kwenye simu. Kila Jumapili bibi alimwekea mtoto simu sikioni, na kila Jumapili mtoto hakutoa neno.

"Hujambo mama? Umekula nini? Unanikumbuka? Eh? Sema basi. Sema mama."

Pumzi tu ndiyo iliyosikika, fuu, fuu. Fundi alipoona kimya alizidisha maneno, akaahidi viatu, akaahidi mwanasesere, akaimba. Fuu, fuu. Halafu simu ikarudi kwa bibi.

Jumapili iliyopita mkwewe hakuzungusha maneno.

"Mwanangu, nikwambie ukweli. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Njoo mwenyewe akuone uso. Akikusogelea kwa hiari yake, akakusemesha, barabara ikizibuliwa tu nitashuka naye mpaka mlangoni kwako. Lakini akikuogopa, sitamng'oa huku kama gugu. Nitamwandikisha shule ya hapa, tuongee tena mwakani."

"Mwakani, mama?"

"Mwakani. Mtoto si mzigo wa kupakia."

Barabara ya gari ilikuwa imefukiwa na maporomoko. Iliyobaki ni njia ya mgongoni, njia ya miguu na mifugo, inayopanda mpaka juu ya mwisho wa miti, ikapita mahali ambapo hata nyasi zimekata tamaa, halafu ikashuka upande wa pili. Mwenye gereji alimwazima pikipiki ndefu ya milimani, yenye matairi ya meno. Na fundi mwenzake, aliyeitwa Bonge kwa sababu alikuwa mwembamba kama waya wa breki, aliapa kumsindikiza kwa pikipiki yake.

Alfajiri ile Bonge alikuwepo gereji, kajifunika shuka, miguuni ana ndala.

"Bonge, ndio viatu vya safari hivyo?"

"Dada, nisamehe. Nimeota naanguka."

"Umeota au umeogopa?"

"Nilianza na kimoja, kikaleta kingine."

Fundi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Bonge naye akacheka, ila macho yake yalikuwa chini.

"Kabureta tumeiweka sawasawa jana, si ulisikia?" akasema. "Hiyo inanguruma mpaka majirani wanahama. Nenda. Ukifika nipigie."

"Huko hakuna mtandao, Bonge."

"Basi usipige. Lakini ufike."

Mji ulimwacha upesi. Lami ikaisha, vumbi likaisha, mashamba yakaanza kuinama, kisha ukaja msitu ambao njia yake ilikuwa mizizi mitupu. Alisimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi, akiiacha pikipiki icheze chini yake kama alivyojifunza kwa kuanguka. Alivuka kijito kwa gia ya kwanza, maji yakamwingia viatuni. Miti ikawa mifupi, ikawa vichaka, ikawa si kitu. Mbele yake palibaki mawe, ukungu na mstari mwembamba wa njia, kushoto ukuta wa mwamba, kulia genge, hakuna kitu cha kuitwa kulia.

Mara ya mwisho kumwona binadamu ilikuwa msituni, mkata kuni aliyepunga mkono bila kuuliza kitu. Baada ya hapo hata ndege walitoweka. Alipita banda la wachungaji, paa limebonyea, mlango uko wazi, ndani hamna hata majivu. Akajikuta analisalimu. "Hodi wenyewe!" Sauti yake ikatoka ndogo, ikapeperuka. Akaona haya, kana kwamba kuna aliyemsikia.

Ili asiisikie ile hali ya kuwa peke yake, alirudia maneno aliyoyapanga. Mimi ndiye mama yako. Nimekununulia kitanda. Chumba kina dirisha. Aliyasema kwa sauti ndani ya kofia ngumu, mara kwa upole, mara kwa uchangamfu, na kila alivyoyarudia yalizidi kufanana na maneno ya mtu anayeuza kitu.

Ndipo injini ikaanza kukohoa.

Kwanza kidogo, kwenye mwinuko. Halafu hata kwenye tambarare, ikivuta kama mzee anayebebeshwa gunia. Fundi hakubabaika. Kwao bondeni, injini ikikohoa hivyo kwenye mwinuko ina njaa, iongezee mafuta. Akavuta choki. Ikanguruma kidogo, ikamtia moyo, kisha ikakohoa zaidi. Akavuta choki yote. Moshi mweusi ukamwagika nyuma, pikipiki ikatetemeka, ikazima.

Kimya kilichofuata hakikuwa cha kawaida. Kilikuwa kizito, kikambana masikio. Alipiga kiki. Akapiga tena. Akapiga mpaka mguu ukafa ganzi, na kila alipopiga aliongeza mafuta, kwa sababu ndivyo mikono yake ilivyozoea. Mwisho akateremka, akaketi juu ya jiwe, akavua kofia.

Upepo ulikuwa unapita tu, haukumjali. Nyuma, ukungu ulikuwa umemeza njia. Ageuze? Akigeuza sasa, ataserereka kwenye mteremko bila injini mpaka msituni, na Jumatatu mtoto ataandikishwa. Mwakani. Alilia kidogo, bila sauti, kama mtu anayejikuna. Kisha akagundua kitu cha kushangaza: alikuwa anahema kama aliyetoka mbioni, na muda wote huo alikuwa amekaa. Mdomo wazi, kichwa kinagonga.

Akajitazama. Akaitazama pikipiki.

"Kumbe," akaiambia. "Kumbe wewe huna njaa. Umekosa hewa. Na mimi nazidi kukulisha tu, nakulisha."

Kabureta waliiweka sawasawa, ndiyo, lakini sawasawa ya bondeni, kwenye hewa tele. Akatoa spana, akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi, imelowa chepechepe. Akaifuta kwa upindo wa shati, akaisugua, akaipulizia pumzi chache alizokuwa nazo. Akarudisha choki, akalegeza skrubu ya hewa, kidogo, akatega sikio pasipo na cha kusikia, akalegeza tena. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi. Skrubu aliiona tu kwa macho, hakuihisi vidoleni. Halafu akasubiri mafuta yaliyozidi yakauke. Hilo la kusubiri ndilo lililomshinda kuliko yote. Alikaa na mikono kwapani, jua likahama jiwe moja hadi jingine, na yale maneno aliyoyapanga yakamtoka kichwani moja moja, asiyatafute.

Alipopiga kiki, injini ilipiga chafya, ikanyamaza. Akapiga tena. Ikashika. Haikunguruma kama simba. Ilisema tu tutututu, sauti nyembamba, lakini ikaendelea. Akapanda. Wakapita mgongo wa mlima taratibu, wakaanza kushuka.

Kijiji kilitokea chini kama vitu vilivyodondoka mfukoni. Nyumba ya mkwewe ilikuwa ya kwanza, na bibi mwenyewe alikuwa kasimama uani, mkono juu ya paji la uso. Nyuma ya gauni lake palichungulia kichwa kidogo, nywele zimesukwa, jicho moja.

Fundi alizima injini. Kila kitu ndani yake kilitaka kukimbia, kumkumbatia, kumwaga maneno. Akauma meno. Akachuchumaa palepale kando ya gurudumu, mikono myeusi kwa masizi, uso umepasuka kwa upepo.

"Hamjambo," akasema. Basi.

"Hatujambo, mwanangu. Pole, pole sana," bibi akasema, kwa hasira ya mtu aliyekuwa na hofu. "Umetuweka roho juu! Mlio tuliusikia kule kileleni, mara ukakatika. Kimya weee, mpaka jua likapinda. Nikasema huyu ameanguka, au ameamua kurudi. Huyu hapa nikamwita aje ale, hataki. Nikamwita ndani, hataki. Akakaa pale juu ya ukuta anaangalia mlima tu."

Fundi alimtazama mtoto. Akangoja. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kusukuma pikipiki.

"Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele," bibi akaendelea, "ndipo nikasikia tena, tutututu, nikatoka mbio..."

Gauni likaachiwa. Mtoto akatoka, akavuka ua akiburuza vidole ukutani, akasimama mbele ya Fundi, karibu kiasi cha kusikika pumzi yake. Akamgeukia bibi kumsahihisha, kisha akabadili nia, akamtazama mama yake usoni.

"Mimi ndiye niliyekusikia wa kwanza."