Alama ya Kutoa

Apolonia aliutazama mstari wa tatu wa jedwali la kiambatisho kwenye skrini, akautazama kwenye karatasi, kisha akarudi tena kwenye skrini, kidole kikiwa bado kimetulia juu ya kitufe. Karatasi ilisema kutoa moja. Naye alikuwa amechapa kutoa moja. Hapakuwa na kosa. Lakini kuna kitu kilikuwa kimemkwaruza, kama punje ya mchanga kwenye wali, na hakuweza kuendelea kutafuna.

Aliujua mstari ule. Wiki tatu nyuma, kwenye sura ya tatu ya kazi ya Mwalimu Protas, jedwali lilo hilo lilimtesa siku nzima. Safu zilikataa kulingana upana, na mstari wa tatu ulirukia ukurasa wa pili kila alipougusa. Aliufuta na kuuchapa upya mara tisa, kumi. Vidole vyake viliukumbuka kuliko kichwa. Na vidole vilikuwa vikimwambia kwamba kule hakukuwa na alama ya kutoa.

Akafungua sura ya tatu. Moja. Moja tupu.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekosea."

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Saa kumi alasiri ndiyo ilikuwa mwisho. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea Mwalimu Protas muda mara tatu, na barua ya mwisho, ambayo Apolonia mwenyewe aliitoa kopi, ilisema hapatakuwa na mara ya nne. Miaka saba ya kusomea udaktari wa fizikia huku akifundisha vipindi ishirini na sita kwa wiki. Na miezi kumi na minne ya mwisho akileta mwandiko wake, karatasi kwa karatasi, kwenye duka hili dogo la steshenari pale Somanda, jirani na hospitali, kwa kuwa kompyuta yake ilikufa na macho yake yalikuwa yakielekea huko huko.

Apolonia alivuta boksi la miswada kutoka chini ya meza. Lilikuwa na vumbi na harufu ya wino. Akapekua sura ya tatu, jasho likimtoka shingoni. Miaka kumi na minane alikuwa akichapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule, mikataba ya mashamba ya mpunga, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Akaipata karatasi. Akaipeleka mlangoni penye mwanga.

Moja. Mwandiko wa Mwalimu, wino wa bluu, umetulia kabisa. Moja bila kutoa.

Basi hakuwa yeye. Pumzi zilimshuka. Kisha zikapanda tena, kwa hasira. Kwa nini auone yeye? Si kuna maprofesa huko?

"Mwangaluka, mayu."

Alikuwa Dastan, dereva wa bodaboda wa pale kijiweni, akimsalimu kwa Kisukuma, ameshika kitambulisho chake.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Nitolee kopi mbili, nina abiria."

Akamtolea. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Dastan alipoondoka, alikaa akatazama kurasa mbili zilizokuwa mbele yake, kila moja ikiwa safi, kila moja ikiwa na uhakika na jambo lake.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko alikofundishwa. Mwezi wa pili wa kazi ile aliona mabano yamefunguliwa bila kufungwa, akayafunga kwa wema wake. Mwalimu Protas aligundua, akamgeukia mbele ya wateja. "Kazi yako ni kuchapa," alimwambia, "si kufikiri." Hakuomba radhi. Siku ya pili yake alikuja na karatasi nyingine kama kawaida, na tangu hapo Apolonia alichapa alichokiona, hata doa la chai angelichapa kama kompyuta ingekuwa na kitufe chake.

Ila kuna siku nyingine pia, siku umeme ulipokatika mchana mzima. Mwalimu alichoka kusubiri, akavuta benchi, akaokota karatasi iliyoharibika na kuanza kuikunja.

"Mama Eliza, kila unachokigusa kimejengwa na vitu vidogo mno. Na vitu hivyo vimekuja kwa familia tatu. Kwa nini tatu, hakuna anayejua. Nadharia yangu inasema ukiingia ndani kabisa, vyote ni nyuzi zinazotetemeka."

"Nyuzi? Kama hizi za pamba yetu?"

Mwalimu alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho Apolonia kumsikia akicheka. "Ndogo kuliko hizo. Na zinadai nafasi zaidi ya hii tunayoiona. Kuna pande sita zimekunjwa, zimejificha. Mimi natafuta namna ya kuzikunja na kuzizungushia tando, kama ngozi nyembamba, mpaka tando zikatane mara tatu kamili. Si mbili, si nne. Kila zinapokatana, familia moja inazaliwa."

"Sasa shida iko wapi? Zikate mara tatu."

"Shida ni mzigo. Kila utando una mzigo wake, na jumla isizidi kumi na sita. Ikipungua, naongeza. Ikizidi, dunia yote hiyo haisimami."

"Nani kaiweka hiyo kumi na sita?"

"Hakuna aliyeiweka," alisema Mwalimu, na uso wake ukawa kama wa mtu anayeeleza tabia ya mzazi mkali. "Imetoka kwenye hesabu yenyewe."

Apolonia alishusha macho hadi chini ya jedwali la kiambatisho, penye mzigo wa kila mstari. Nane, nane, kutoa nne. Jumla, kumi na mbili. Alivuta kikokotoo. Kama mstari wa tatu ungekuwa moja, kama ulivyoandikwa kwenye sura ya tatu, ile kutoa nne yake ingekuwa nne. Nane, nane, nne.

Ishirini.

Akabonyeza tena polepole. Ishirini.

Simu ikaita. "Mama Eliza, umefikia wapi?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa nyepesi, nyuma yake wanafunzi walikuwa wakipiga kelele. "Nina kipindi kimoja tu. Nakuja kusoma mara ya mwisho, tunaituma, tunamalizana nayo leo."

"Bado kidogo, Mwalimu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wewe njoo tu."

Alikata simu akajichukia. Kwenye ukurasa wa mwanzo, ule wa shukrani, aliwahi kuchapa jina lake mwenyewe: Bi Apolonia Nyanda, mchapaji mvumilivu. Alikwishamtumia binti yake Eliza picha ya ukurasa ule. Binti alijibu kwa vicheko na mioyo myekundu, akamwita daktari msaidizi. Leo alitaka kuutoa ukurasa huo kwenye karatasi nzuri na kuufungia kwenye plastiki. Alikuwa amechoka na kazi ile, amechoka na mwandiko ule, na alitaka iishe jinsi mtu anavyotaka homa iishe.

Mwalimu Protas aliingia saa saba kasoro, amevaa tai. Vumbi la chaki lilikuwa limemshika mkono wa shati. Apolonia hakumkaribisha kiti. Alizilaza karatasi mbili kaunta, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu wa hii, na kingine kwenye mstari wa tatu wa ile.

"Umekosea kuchapa," alisema Mwalimu mara moja.

"Hizi si zangu, Mwalimu. Huo ni mwandiko wako."

Akainama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa. Nje, lori la pamba lilipita likipiga honi, na kuta za duka zikatetemeka. Alibaki ameinama muda mrefu hata Apolonia akadhani hajaona.

"Nipe karatasi," alisema.

Alimpa rundo la zilizoharibika. Mwalimu aligeuza ya kwanza upande mweupe, akaanza. Apolonia alimwona akiweka moja: tando zikakatana mara tatu, akapiga duara, kisha akajumlisha mzigo na kupata ishirini. Akaweka kutoa moja: jumla ikawa kumi na mbili, nzuri kabisa, lakini tando zikakatana mara moja tu. Familia moja. Akakata kwa mstari mrefu. Akabadilisha mstari wa pili ili kuuokoa wa tatu. Wa tatu ukapona, wa kwanza ukaharibika. Akaurekebisha wa kwanza. Familia zikawa nne. Karatasi ya tano, ya sita. Kalamu ilikuwa ikichana karatasi. Kila alipoziba huku, kule kulifumuka, na yeye akawa anapumua kwa pua kama mtu anayesukuma gari lililokwama.

"Kurasa zote mbili ni sahihi," alisema mwishowe, bila kumtazama. "Kila moja peke yake. Nilinakili kutoka daftari la kwanza kwenda la pili, nikaiacha hiyo alama. Sijui lini. Ninazo dunia mbili, Mama Eliza. Moja ina familia tatu na haisimami. Nyingine inasimama na haina mtu wa kuishi ndani yake."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Mwalimu alikaa kwenye benchi, kisha akasimama.

"Futa hiyo ya kiambatisho. Weka moja, zifanane."

"Na jumla?"

"Jumla iache. Kumi na mbili."

Apolonia hakugusa kitufe. "Mwalimu, hapo itakuwa nane, nane, nne. Mtu akijumlisha atapata ishirini."

"Ni kiambatisho! Ukurasa wa mia moja na sabini na moja!" Sauti ilimpasuka. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri bahasha pale mlangoni alirudi nyuma. "Nani atakaa ajumlishe? Nani?"

"Mimi nimejumlisha."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, hata yeye akashangaa. Mwalimu Protas alimtazama kana kwamba kaunta yenyewe imezungumza. Mdomo wake ulifunguka, na Apolonia alijua neno lililokuwa likija, lile la kuchapa na kufikiri. Alikaza mgongo akalisubiri. Halikuja. Mwalimu alilegeza tai, akatoka nje, akasimama juani katikati ya pikipiki zilizoegeshwa, mikono kiunoni, akitazama upande ambao hapakuwa na kitu.

Alipotoa simu mfukoni kumpigia msimamizi wake wa chuoni, Apolonia aliacha kufanya alichokuwa akifanya.

"Shikamoo, Profesa... Hapana, haijatumwa... Hapana, umeme upo. Si kompyuta... Ni mimi, Profesa. Modeli imevunjika. Mzigo unazidi... Ndiyo, nimejaribu kubadilisha. Ndiyo, na hiyo pia." Alikuwa akichora mchanga kwa ncha ya kiatu. "Nafahamu. Nafahamu, Profesa. Asante."

Aliporudi ndani alionekana mfupi zaidi.

"Anasema niandike barua ya kueleza, ifike kabla ya saa kumi. Kamati itakaa wiki ijayo. Wanaweza kulifunga faili, wanaweza kunipa shahada ndogo kwa zile sura mbili za kwanza. Hawezi kuahidi." Akavuta benchi karibu na kompyuta. "Andika."

Apolonia alifungua ukurasa mpya. Mwalimu aliisema barua kidogo kidogo, akifuta maneno hewani kwa mkono. Kwamba matokeo ya sura ya tatu na ya kiambatisho hayatokani na modeli moja. Kwamba ameshindwa kuipata inayotimiza masharti yote mawili.

"Andika: kosa hili liligunduliwa leo asubuhi na Bi Apolonia Nyanda, anayechapa kazi yangu."

Vidole vilisita. "Mwalimu, watakucheka. Mimi nina cheti cha kidato cha nne."

"Andika."

Akaandika. Jina lake lilionekana geni pale. Hakulifurahia hata kidogo. Alitamani lingebaki kule kwenye shukrani, kwenye ukurasa ambao sasa hakuna aliyejua kama utachapwa. Hasira ilimpanda tena, na safari hii hakujua amwelekezee nani: Mwalimu, yeye mwenyewe, au ile kumi na sita ambayo hakuna aliyeiweka.

Barua ilitumwa saa tisa na dakika arobaini na nane. Mtandao ulizunguka, ukazunguka, ukakubali. Wote wawili walitazama skrini baada ya hapo, ingawa hapakuwa na cha kutazama.

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Ukapumzike."

"Ndiyo," alisema Mwalimu Protas, lakini hakuinuka. Baada ya muda akasema, "Mama Eliza. Una karatasi safi? Hizi mbovu zinanichanganya."

Alitaka kumwambia hapana. Alitaka kumwambia afunge, apumzike, ampumzishe na yeye. Alifungua bunda jipya akahesabu kumi, akamwekea mapajani. Mwalimu alichora jedwali kwa mkono, safu nne, akaandika mstari wa kwanza. Akaufikiria. Akaandika wa pili.

Bibi mmoja aliyetoka hospitali aliingia taratibu, akafungua fundo la khanga na kutoa kadi ya kliniki iliyochakaa kwenye mikunjo. "Nitolee moja tu, mwanangu. Ya kubaki nayo nyumbani."

Apolonia aliilaza kadi kifudifudi juu ya kioo cha mashine ya kopi, akaunyoosha ukingo wake kwa kidole, akabonyeza. Kifuniko hakikufunga vizuri siku zile. Mwanga wa kijani ulichomoza pembeni, ukatambaa ukutani kutoka mwanzo hadi mwisho, ukapita juu ya benchi, juu ya mkono wa Mwalimu uliokuwa umesimama kwenye mstari wa tatu, kalamu ikiwa imeinuliwa kidogo tu juu ya karatasi.