Tetere Kutoka Mkomaindo

Asubuhi ya Jumamosi Mwanaheri alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, pale Newala ambapo uwanda wa juu unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaanza, akiangalia ndege. Hiyo ndiyo iliyokuwa shughuli yake wakati wa kipupwe, mikorosho inapotoa maua. Tangu mumewe afariki hakuwa na mtu wa kuzungumza naye asubuhi, na ndege, kama alivyozoea kusema, hawangoji kuanzwa.

Ukungu ulipopanda kutoka bondeni walitokea shore na kelele zao, kisha chozi wawili wakaja kunyonya maua, kisha tetere mmoja akatua kwenye ukuta wa choo. Tetere huyo alishuka, akapangusa miguu kwenye gunia la mlangoni, mmoja baada ya mwingine, akaingia ndani. Akagonga mfuniko wa ndoo ya maji kwa mdomo, akangoja.

"Karibu, Faidha," Mwanaheri akasema, akamfuata ndani, akamfunulia.

Faidha alikuwa mwanawe wa pekee, ameolewa Mkomaindo, mjini Masasi. Hakuwa amekanyaga kwa mama yake tangu alipomzaa Anifa, na Anifa sasa alikuwa anasoma chekechea. Si kwamba ni mbali. Ukipanda basi asubuhi, adhuhuri haikukuti njiani. Ila kila alipoomba ruhusa, mumewe, Mrisho, alimjibu kwa upole kwamba wataangalia.

Jioni simu ikaita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika. Mabega tu yananiuma."

"Umeruka mbali."

"Nalala asubuhi, Mrisho akienda dukani. Mwili nauacha kitandani. Anifa akikaribia kurudi kutoka shule, au madrasa kama leo, nami nageuza."

"Kesho nitakuwekea mtama."

"Na maji, Mama. Njia nzima hakuna maji."

Jumapili akaja tena, akala mtama, akasinzia juu ya mkeka kwenye jua. Mwanaheri alikaa karibu naye akichagua kunde, akamweleza habari zote alizokuwa akizilimbikiza miaka hiyo: nani kafa, nani kahama, mbuzi wa jirani aliyekula kanga yake. Tetere alisikiliza huku amefumba jicho moja.

Jumatatu walikwenda matembezi. Mwanaheri alishika njia ya Makote kuangalia mikorosho ya marehemu mumewe, na Faidha akamfuata, mti kwa mti, akitangulia na kungoja. Mama alimwonyesha kigogota aliyetoboa mkorosho mkavu. Alimwonyesha na mwewe aliyekuwa akizunguka juu ya ukingo, wakajibanza kichakani mpaka akapita. Njiani walikutana na Yuster, mwenye shamba la jirani, amebeba kuni.

"Shikamoo, Mama Faidha."

"Marahaba, Yuster."

Yuster alitazama tawini. "Na Faidha naye kaja! Hujambo, dada? Anifa hajambo?" Tetere aliinamisha kichwa. "Amekonda," Yuster akasema, akaendelea na safari yake.

Usiku huo Mwanaheri alipika chakula cha watu wawili kwa kusahau, akala chake, kingine akakifunika.

Jumanne tetere alichelewa. Alipotokea hakuwa akiruka; alikuja kwa miguu kutoka barabarani, bawa la kushoto likiburuta vumbi. Hakupangusa miguu. Mwanaheri alimwinua, akachana upindo wa kanga, akalifunga bawa kama alivyokuwa akimfunga Faidha vidonda alipokuwa mdogo. Jua lilipotua, wakati wa Anifa kurudi kutoka shule ulikuwa umeshapita, na tetere alikuwa bado kwenye mkeka.

Jumatano Mrisho alipiga simu. Alikuwa mtu wa adabu; alimwamkia mkwewe, akamuuliza hali ya maji Newala, akamuuliza mikorosho.

"Mama, mwenzangu haamki tangu jana. Anapumua, macho wazi, lakini haamki."

"Yuko huku."

"Nilijua tu," Mrisho akasema. "Basi nitamfuata. Nguo hazijafuliwa na mtoto analia."

Mwanaheri alimwita kaka yake, Mohamedi, kwa kuwa neno la mtoto wa dada huamuliwa na mjomba. Mohamedi alikuja na kofia yake ya Ijumaa. Alimpakata tetere, akafungua kitambaa, akalipapasa bawa polepole.

"Hili halikugonga mti," alisema. "Limepotolewa na mkono."

"Ndicho nilichokuitia."

Mohamedi akalifunga tena kitambaa, vizuri kuliko lilivyokuwa. "Mrisho ni mtu wa watu, dada. Anasikilizwa msikitini."

"Na bawa?"

"Bawa litapona. Huyu ni mke wa mtu. Ndege, si ndege, ni mke wa mtu."

Alhamisi Mwanaheri alimbeba tetere kifuani mpaka ukingoni, mahali ambapo ardhi inaishia na upepo wa Ruvuma unapanda usoni. Ng'ambo ya mto kulikuwa na misitu ambayo Mrisho hakuijua wala kuwa na ndugu ndani yake. Alifungua kitambaa.

"Kama unaweza, nenda," alimwambia. "Mwili wako nitauomba wanipe, nitauzika mwenyewe kwa heshima. Sitakulaumu."

Tetere alijaribu bawa. Liliinuka nusu, likashuka. Kisha akajigeuza mikononi mwa mama yake, akaupa mto mgongo, akaelekeza uso magharibi, Masasi, aliko Anifa. Akakaa hivyo hivyo bila kupepesa. Mwanaheri akamfunga tena kitambaa, wakarudi nyumbani.

Ijumaa baada ya swala Mrisho akawasili na tenga jipya la kuku, ndani amelitandika kipande cha shuka. Alileta sukari na sabuni. Mohamedi alikuwepo, na wazee wawili wa mtaa. Wote walimsifu kwa kutandika shuka.

"Nina neno," Mwanaheri akasema. "Nani amemvunja mwanangu?"

Wazee walitazama mkeka. Mrisho akajibu kwa sauti ya chini, "Mambo ya ndani, Mama. Nyumba haikosi maneno."

"Basi nitafuatana naye. Nitamuuguza mpaka apone."

"Chumba hakitoshi, Mama. Tutaangalia."

Mohamedi alimshika dada yake mkono, si kwa nguvu, lakini hakuuachia mpaka tenga likafungwa. Mrisho alilipakata kwenye basi, karibu na dirisha, ili mkewe apate hewa. Watu wote waliliona hilo.

Kesho yake Mwanaheri hakutoka nje. Shore walipiga kelele mpaka wakachoka. Ilipofika mchana simu iliita.

"Nimeamka, Mama," ilikuwa sauti ya Faidha. "Nimeshapika."

"Alhamdulillahi. Na mkono?"

"Hauinuki."

"Mwingine je?"

"Nimempakata Anifa, hataki kushuka."

"Sasa simu umeishikaje?"

Kisha sauti nyingine ikasikika, karibu kabisa, yenye adabu zake zote.

"Shikamoo, Mama. Ninamshikia mimi."

"Marahaba," Mwanaheri akaitikia.