Mama Florentine na Nzohe wa Mutshatsha

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya Mama Florentine wa Mutshatsha ilikuwa imeingia mwaka wa pili. Alidai kuona nzohe, swala wa majimaji, katika kinamasi nyuma ya shamba lake la muhogo. Nzohe! Waliisha zamani, walisema wote, na wa kwanza kusema alikuwa mumewe, Tata Tshimanga.

Basi Joyeuse, dada wa chama cha kulinda wanyama cha Kolwezi, alipofunga kamera mtini kule, kamera inayopiga picha yenyewe kila kiumbe kikipita, Mama alijua siku yake imefika.

"Miezi mbili," Joyeuse alimwambia. "Kama haimuone, tutaipeleka Sandoa."

Kila asubuhi Mama alikwenda kuhakikisha kamera haijaibwa. Na kwa kuwa inapiga picha, angekwendaje na nguo za shamba? Mtu na heshima yake! Alijifunga kikwembe cha kanisani, akajipaka mafuta, akasimama mbele yake na kuiamkia.

Siku ya siku, Joyeuse alichomeka kadi kwenye kompyuta, majirani wamemzunguka. Picha ya kwanza: Mama Florentine. Ya pili: Mama Florentine, kikwembe kingine. Ya arobaini: Mama Florentine na kilemba kipya. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mama," alisema Tata Tshimanga akifuta machozi, "ile nyama unaonaka, ile nzohe yako, njo weye mwenyewe."

Mama hakucheka. Moyo ulimuuma, kusema kweli: kamera ingekwenda Sandoa, naye angeitwa mwongo mpaka kaburini.

"Mungoje," Joyeuse akasema, akaikuza picha ya hamsini na tatu. Mama yuko mbele, mkono kiunoni. Nyuma yake, ndani ya matete, masikio mawili mapana. Katika iliyofuata alionekana nzohe mzima, kwato ndefu zimetanuka topeni, mtoto wake ubavuni, anamtazama Mama mgongoni.

Kicheko kilikatika.

"Nzohe ilishakuzoea," Joyeuse alisema kwa furaha. "Kamera inabakia hapa. Na weye, Mama, usiache kwenda kuisalimia."

Mama Florentine alilia, akacheka, akalia tena.

Kesho yake, jua halijakolea, Tata Tshimanga alikuwa ameshazunguka nyumba zote.

"Muliona nyama ya kwetu? Mi nilisemaka tangu zamani, bibi yangu hasemake bongo, ye si mwongo."

Mama alimsikia, akamwacha aseme.