Plasta ya Mfuko wa Kushoto

Sista Mkuu wa wodi ya upasuaji hakuwa mtu wa kusingizia watu ovyo, lakini kuhusu Mama Ndoo alikwisha kata shauri. Wagonjwa wanne walikuwa na vidonda vilivyokataa kufunga, na maabara ilisema ni bakteria mmoja yuleyule, sugu, dawa tatu zimeshindwa kumuua. Mgonjwa wa nne, kitanda cha sita, alikuwa mdogo wake Sista wa tumbo moja, aliyejifungua kwa upasuaji siku kumi na mbili zilizopita. Imebaki dawa moja tu ya kujaribu. Ikigoma hiyo, hakuna nyingine.

Mama Ndoo ndiye aliyefanya usafi wodini, akiimba kwa sauti ya chini huku akideki. Maji ya ndoo yake yalikuwa na rangi ya chai.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Sista Mkuu aliwaambia wauguzi asubuhi moja, akimkazia macho Mama Ndoo mpaka wote wakamgeukia.

"Sista, maji nabadilisha kila chumba," Mama Ndoo alijitetea. "Sabuni ndiyo mnanipimia kwa kijiko."

"Sabuni haina kosa. Mkono ndio una kosa."

Wodi ikaangua kicheko. Tuseme ukweli, lilikuwa jambo la aibu, na Sista Mkuu alilifurahia kidogo.

Tangu siku ile hakumwachia mtu kidonda cha mdogo wake. Alinawa hadi viwiko, akavaa glavu, akasafisha mshono, kisha kwa glavu zilezile akachomoa plasta kutoka mfuko wa kushoto wa koti. Ilikuwa plasta yake binafsi, aliyoitumia siku zote kwa vitanda vyote, maana za wodi zilikuwa na miguu, hazikai. Alikata vipande, akavibandika kwenye ukingo wa kitanda vimngoje, akarudisha plasta mfukoni. Akihamia kitanda kingine, alinawa tena na kuvaa glavu mpya. Plasta ilikuwa ileile.

"Mama Ndoo asikuguse hata shuka," alimnong'oneza mdogo wake. "Na hawa wengine pia, usiwaamini."

"Nakuamini wewe tu, dada."

Ili amnase mshukiwa wake vizuri, alimwita mtaalamu wa maabara achukue sampuli za ndoo, dekio na viganja vya Mama Ndoo. Yule bwana alizichukua zote kwa vijiti vya pamba, kisha akaendelea: bomba la sinki, toroli, vitasa.

"Na wewe, Sista. Toa vilivyomo mfukoni."

"Mimi?"

"Pamba yangu haijui cheo."

Akampa kalamu, mkasi na plasta, akicheka kwa dharau.

Siku ya tatu yule bwana alirudi na karatasi. Dekio lilikuwa na uchafu wa kawaida, akasema, lakini bakteria wao hayumo. Sista Mkuu alipouliza yuko wapi basi, yule bwana aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Plasta, mfuko wa kushoto.

Mkono wa Sista Mkuu uliingia mfukoni wenyewe. Ndani kulikuwa na plasta mpya, aliyoichukua siku ileile badala ya iliyokwenda maabara, na tayari ilikwisha zunguka vitanda vyote. Alitamani sakafu impasukie.

Hata hivyo hakujificha. Alimfuata Mama Ndoo mbele ya wauguzi wote.

"Nilikukosea, mama. Si wewe. Ni mimi."

Mama Ndoo alikamua dekio polepole. "Na yule wa kitanda cha sita ameambiwa?"

Sista Mkuu akaenda kumwambia. Mdogo wake alikuwa na homa, midomo imekauka, mtoto amelala ubavuni.

"Bakteria wametoka kwangu, mdogo wangu. Kwenye plasta yangu. Kuanzia leo atakufunga muuguzi mwingine, kwa plasta itakayobaki kitanda hiki tu."

Mgonjwa alitabasamu kwa huruma.

"Dada, roho yako nzuri itakuponza. Unambebea yule mama mzigo wake."

"Wallahi ni mimi. Karatasi hii hapa."

"Karatasi wameandika wao."

Muuguzi alifika na sinia, amenawa, glavu mpya mkononi, plasta mpya kabisa. Mgonjwa alivuta shuka mpaka kidevuni na kumshika dada yake koti, palepale mfukoni.

"Simtaki huyu. Ulinifundisha mwenyewe. Nifunge wewe."