Marahaba ya Kuiba

Mimi shikamoo sizipendi. Nasema wazi, na anayetaka kununa anune. Kuna siku nilikuwa dukani kwa muuza vitambaa, nimevaa gauni langu la maua nililolishona mwenyewe, nywele nimezitia rangi nyeusi, najiona bado nimo. Akaingia baba mzima, kipara kinang'aa, tumbo limemtangulia, akainama: "Shikamoo mama." Nikageuka nyuma kuangalia anamwamkia nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Nikaimung'unya hiyo marahaba kama kidonge kichungu, nikachukua kitambaa changu nikaondoka.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nyumbani aliyeamkia ni mimi. Dada yangu alinizidi miaka mingi, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea, na tangu waume zetu watutangulie tulikuwa tunaishi pamoja, yeye chumba cha uani, mimi chumba cha mbele chenye cherehani. Kila asubuhi nilimpelekea chai, nikasimama kizingitini, nikasema, "Shikamoo dada." Naye hujibu bila kufungua macho, "Marahaba, Kinda. Umelalaje?"

Kinda ni jina alilonipa siku niliyozaliwa, kichwani sina unyoya hata mmoja. Wote waliokuwa wakilijua walishakwenda, akabaki yeye. Kwa hiyo dunia nzima nilikuwa na mtu mmoja tu ambaye kwake mimi ni mtoto, na mtu huyo alikuwa anasinyaa.

Nilijua anasinyaa kwa kuwa mimi ndiye niliyempunguzia magauni. Namvisha, nabana pini huku na huku, narudi kwenye cherehani, napitisha mshono mpya ndani ya ule wa zamani. Gauni lake la kijani lilikuwa na mishono ya ndani mingi hata ukilishika kiunoni linakuwa gumu.

"Usinibane sana wewe," alikuwa akiniambia. "Nitanenepa."

Tunacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni niliogopa sana.

Mchana mmoja wa mvua nilikuwa napiga pindo la sketi ya mteja, nikamsikia dada chumbani kwake akisema, "Shikamoo." Alisema kwa adabu, kama msichana mbele ya wakwe.

Mguu ukanisimama kwenye pedali. Dada yangu amwamkie nani? Mtaa mzima hakuna aliyemzidi. Hata vikongwe wenye fimbo wakipita dirishani humwita mama. Nikaenda kuangalia. Alikuwa kitini, mikono ameikunja mapajani, uso ameuelekeza kwenye mlango wa uani. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa.

"Dada, unaongea na nani?"

"Siongei. Naamkia."

"Unamwamkia nani?"

"Si huyo hapo. Hajaitikia." Akanitazama kama vile namchelewesha. "Hebu msogezee kile kigoda, Kinda. Amesimama siku nyingi."

Upande mmoja wa pazia ulikuwa umening'inia kama kawaida. Upande wa pili ulikuwa umetuna, na mimi mshonaji naujua mtuno wa kitambaa chenye upepo na mtuno wa kitambaa chenye mtu. Nikalivuta kwa hasira. Nje kulikuwa na mvua na beseni la nguo, basi. Lakini pale kizingitini palikuwa na baridi ambayo haikuwa ya mvua.

Binti wa dada ni muuguzi. Alipokuja kumwangalia nikamweleza, akanishika bega. "Ni uzee huo, mama mdogo. Akili inachoka. Usibishane naye." Akampima presha, akaikuta nzuri kuliko yangu, akaenda zake kazini.

Shikamoo hazikukoma. Kila mchana dada aliamkia, kisha akatega sikio. "Bado," anasema. Siku nyingine akasema, "Leo amekohoa kidogo." Baadaye, "Leo amefungua mdomo." Alikuwa anafurahi, ndilo lililoniudhi. Mimi sikuhitaji kuelezwa na mtu. Mgeni akishaitikia salamu, kinachofuata ni kuulizana habari, na baada ya habari ni safari. Siku huyo atakapoitikia, dada ataondoka naye, na mimi nitabaki sina wa kumwamkia.

Nikajipiga kifua. Nikafungulia redio mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaendesha cherehani tupu, haina uzi, nipige kelele tu. Nikakigeuza kiti cha dada kitazame kabati, nikatia komeo mlangoni. Nikirudi kutoka jikoni nakuta kiti kimegeuka na komeo limefunguka, na dada mwenyewe hana nguvu za kuinua hata birika.

Mwisho nikaamua kukaa naye. Nikaketi chini karibu na miguu yake, mkasi mkononi, sijui nilidhani nitamkata nani. Dada akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Halafu nikasikia, kwa masikio yangu haya, mtu akivuta pumzi nyuma ya pazia, vile mtu anavyovuta pumzi akitaka kusema.

"Marahaba!" nikapayuka mimi.

Ile pumzi ikakatika. Pazia likalala. Dada akanigeukia taratibu, macho yamemtoka.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Shikamoo dada."

Nikadhani utani. Kesho yake nikapeleka chai, nikasimama mahali pangu. "Shikamoo dada." Alikuwa macho, ameketi kitandani anachezesha miguu. Akaziba mdomo akicheka.

"Dada naye! Uniamkie mimi? Shikamoo."

"Acha mchezo. Ni mimi, Kinda."

"Kinda ndiyo nani?"

Chai ilinimwagikia mkononi na wala sikuisikia. Nilimwokoa dada, na hapohapo nikampoteza.

Kuanzia hapo akala vizuri. Akawa anaimba. Mashavu yakajaa, na mimi nikaanza kulifumua gauni la kijani, mshono baada ya mshono, kuanzia ule wa juzijuzi kurudi nyuma. Wakati huo gauni langu la maua likaanza kuniporomoka begani. Rangi ya nywele ikakataa kushika, nikisuuza inaondoka yote na maji. Magoti yakagoma kwenye pedali. Binti yake alipokuja akatutazama mmoja mmoja.

"Mama amechangamka kweli. Ila wewe, mama mdogo, mbona umekwisha hivyo?"

"Ni kazi nyingi," nikamwambia. Ningemwambia nini?

Kila asubuhi dada alinisubiri. Nikichelewa alikuja kusimama mlangoni pangu. "Shikamoo dada," na hasogei mpaka nimjibu. Hapo nikaanza kuitamka marahaba nzima, sikuimung'unya, kwa sababu niliona inavyomtuliza. Akiipata anakwenda zake kucheza na vifungo kwenye kopo, ameridhika kwamba mkubwa yupo na ameshamwona. Nami nikatambua kwamba kitu hichohicho alinipa mimi kila siku tangu nianze kusema, macho amefumba, usingizi haujamwisha. Nilikuwa nakipokea kama chumvi mezani. Nililia juu ya kitambaa cha mteja, ikabidi nikifue.

Alasiri moja nikamaliza kufumua mshono wa mwisho, ule wa ndani kabisa. Nikamvisha dada gauni la kijani, likamkaa kama siku nilipolikata. Nikachoka ghafla. Nikajishusha kwenye kiti chake, yeye akaketi sakafuni na vifungo vyake. Nilipoangalia mikono yangu, nimeikunja mapajani. Uso wangu umeelekea mlango wa uani.

Pazia lilikuwa limetuna. Safari hii nilimwona. Sitaeleza alivyo, ila alikuwa mkubwa kuliko watu wote niliowahi kuwajua, na hakuwa na ubaya wowote. Ilikuwa ni utovu wa adabu kumtazama mtu wa namna ile ukanyamaza. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo," nikasema.

Akavuta pumzi.

"Marahaba, Kinda."

Sauti ilitoka sakafuni. Dada alikuwa anainuka, amejishikilia kwenye mkono wa kiti, na vifungo vinamdondoka kutoka mapajani. Macho yalikuwa yake yale ya zamani, makali.

"Nani alikutuma kuitikia salamu zisizo zako?" akaniuliza. "Unanifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

"Dada, nisamehe, niliogopa..."

"Najua uliogopa. Hapa mkubwa nani?"

Nilitaka kusema mimi. Wallahi nilitaka. Lakini aliniinamia akalirudisha gauni langu begani, akanifunga kishikizo cha shingoni kama alivyokuwa akinifunga nikienda shule, na nikashindwa kudanganya.

"Wewe," nikasema.

"Haya. Nipishe kwenye kiti changu."

Nikampisha. Akakaa, akafumba macho, kama anavyofanya asubuhi nikimletea chai. Binti yake alipofika alinikuta nimelaza kichwa mapajani pake, vifungo vimetapakaa chumba kizima. Tulipomwinua alikuwa ameshakwenda, na gauni la kijani lilikuwa linampwaya kila mahali.

Siku hizi magauni yangu yananikaa. Rangi ingeshika kama ningeitaka, ila siitaki. Wiki iliyopita nimekutana tena na yule mwenye kipara kwa muuza vitambaa. "Shikamoo mama." Nikaiweka chini mita ya kitambaa. "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?" Akaanza kusema amelala vizuri tu, kisha akavuta benchi, akanieleza jinsi ambavyo halali.

Na asubuhi bado napika chai ya watu wawili. Nasimama kizingitini pa chumba cha uani, nasema, "Shikamoo dada," natega sikio. Bado. Ingawa juzi nilisikia mtu amekohoa kidogo. Kigoda nimekiweka tayari karibu na pazia. Akiitikia mtu halafu asiniite Kinda, nitajifanya sikusikia.