Gari Lisilokula Mafuta

Twalibu alikuwa kwenye foleni ya sheli tangu saa moja kasorobo, akilisogeza gari kidogo kidogo bila muungurumo. Lilikuwa lile la betri na petroli, la Kijapani, ambalo likisimama hujizima lenyewe, na wasiolijua hudhani limeharibika. Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei mpya zimetoka, na Mwajuma, dada wa pampu, alikuwa akibadilisha namba ubaoni. Zimepanda tena, mia mbili na ushee.

“Mzee, na wewe tena?” akasema Mwajuma. “Si ulituambia hilo halili mafuta?”

“Halili. Linaonja.”

“Linaonja kila baada ya siku mbili.”

Watu wakacheka. Twalibu naye akacheka, ila cheko halikufika rohoni. Neno hilohilo la siku mbili lilikuwa linamkosesha usingizi.

Mwenye gari alikuwa Juliana, mwenye duka la dawa la jumla pale mjini. Kazi ya Twalibu ilikuwa kupeleka maboksi ya dawa Mlali na kupanda nayo mpaka Langali, huko Mgeta. Alipofika dukani alimkuta Juliana amesimama mlangoni na risiti za sheli mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama.”

“Mafuta yangu unamuuzia nani?”

Alisema kwa sauti ya chini, lakini wateja wawili waligeuka, na Pili, muuzaji wa dukani, akainama kama anatafuta kitu chini ya meza.

“Aliyeniuzia aliniapia kilomita ishirini kwa lita,” Juliana akaendelea. “Wewe unanipa kumi na moja. Fundi kaangalia, hakuna panapovuja. Sasa mzee wangu, niseme nini?”

Mwaka wa thelathini na moja Twalibu anashika usukani, na hajawahi kuchukua hata kibaba cha mali ya mtu.

“Twende wote leo, mama. Kaa mbele, uone kwa macho yako.”

Wakaenda. Mzumbe, Mlali, kisha mlima wenyewe, vumbi na mawe, injini ikilia. Macho ya Juliana yalikuwa kwenye mshale wa mafuta. Langali wakashusha maboksi ya mwisho, wakageuza.

Hapo Twalibu akakaa vizuri kwenye kiti. Mteremko ulikuwa shahidi wake. Enzi zile mashirika ya umma yalipouzwa na malori yakaangukia mikononi mwa watu binafsi, tajiri alikupimia dizeli kwa kijiti, na ikipungua ulikatwa mshahara. Ndipo madereva wa kabichi za Mgeta walipojifunza kuachia fri: ukifika kileleni unatoa gia, na mlima wenyewe unakushusha bure. Wengi walianguka makorongoni. Waliobaki wakawa mabingwa, na Twalibu aliwazidi wote. Nusu ya madereva wa kijiwe cha Msamvu aliwafundisha yeye. Wakambandika jina, Profesa.

Akasukuma gia mpaka N, gia huru. Gari likateleza kimya.

“Unaona, mama? Hapa hata tone halitumiki.”

Kwenye kioo kidogo cha dashibodi yakatokea maandishi ya Kijapani, na mlio: ti, ti.

“Linasema nini?”

“Ndiyo salamu yake ya mteremkoni. Kila siku hunisalimia hivyo.”

Juliana akatoa simu, akayapiga picha maandishi, akasubiri simu itafsiri. Harufu ya breki ilikuwa imeanza kupanda. Akasoma mara mbili, midomo ikicheza.

“Mzee Twalibu, weka D.”

“Tutakula mafuta, mama.”

“Weka D.”

Akaweka gia ya kuendea. Vile vijistari vya betri kwenye dashibodi, ambavyo siku zote vilifika Mlali vikiwa viwili, vikaanza kupanda. Vitatu. Vitano. Walipofika bondeni vilikuwa vimejaa, na gari likaenda kitambo kirefu injini imezima.

“Limeandika kwamba likiwa kwenye N, betri haiingizi chaji,” Juliana akasema. “Mteremko ndio unaolilisha, mzee. Miezi saba umelinyima.”

Twalibu alitaka kusema kwamba hakuna aliyemwambia. Kwamba kitabu cha gari kilikuja kwa Kijapani, na siku ya kwanza alikabidhiwa ufunguo tu, akaambiwa nenda. Yote kweli. Lakini yalimjia mdomoni kama maneno ya mtoto aliyevunja chungu, akayameza.

Juliana alikuwa mwepesi wa moyo sasa. Alishuka dukani akicheka.

“Pili, nimemsingizia mzee wa watu! Si mwizi. Ni gari tu asilolijua.”

Alitaka kumsafisha. Wateja wakacheka naye, na mmoja aliyemfahamu akasema, “Miaka thelathini na moja barabarani, jamani.”

Kisha Juliana akamwita Twalibu kando. “Kesho gari atalishika mpwa wangu Erick. Bei hizi siziwezi, mzee wangu. Wewe pumzika. Sina ubaya na wewe.”

Hapakuwa na mkataba wa kuvunja. Akampa nusu mshahara, na juu yake paketi ya vidonge vya maumivu ya mgongo, bure.

Kijiweni Msamvu walikuwa wameketi madereva wanne kwenye benchi, mezani kwa mama lishe. Hatibu ndiye aliyemwona kwanza.

“Profesa, leo kwa miguu?”

“Mama kaninyang’anya gari.”

“Kisa?”

Twalibu akawatazama. Hatibu, Bonifasi, wale wengine wawili: wote alipanda nao ule mlima, akiwafundisha kuachia fri na kuwagonga vidole walipokosea gia.

“Mafuta,” akasema. “Nilikuwa nayachomoa tangini.”

Bonifasi akasogea, akampa nafasi.

“Vichupa au madumu?”

“Madumu.”

“Alitaka uishi vipi? Mshahara anaokupa unafika tarehe kumi?” Akamgeukia mama lishe. “Dada, mpe Profesa supu. Mimi nalipa.”

“Ila hayo ya Kijapani matangi yake yana kizuizi,” Hatibu akasema, akisogeza uso karibu, macho yamejaa heshima. “Mpira wa kunyonyea uliupitisha wapi?”

Walimngoja, wote wanne. Twalibu akalitazama bakuli la supu lililokwisha kuletwa, akalisogeza pembeni, na kwa kidole akaanza kuwachorea mezani njia ya mpira.